Unaenda Nairobi na nani?

Kila mara kuna msanii wa Malindi au Kilifi anayepanda basi la usiku, begi moja, ngoma kumi kwa simu. Sote tunamuuliza, "Unaenda lini?" Hakuna anayeuliza, "Unaenda na nani?"

Sikizeni kisa cha Fundi Konde. Alizaliwa 1924 Mwabayanyundo, upande wa Kaloleni, hapa hapa kaunti yetu. Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta kijana, akaingia kikosi cha burudani cha jeshi la mkoloni. Hakuwa peke yake: alikuwa na mwenzake wa muziki, Paul Mwachupa. Baada ya vita akarekodi Nairobi, na ni kati ya watu wa kwanza Afrika Mashariki kupiga gitaa la umeme. Akaimba mapenzi na maisha ya mjini. Tausi ni yake. Majengo Siendi Tena pia ni yake, na jina tu linakuambia mji ulishamchosha mtu.

Miaka ya sitini akaacha kurekodi. Mitindo ikabadilika, vijana wakaendelea na mengine.

Nani alimrudisha? Them Mushrooms! Yaani Teddy Kalanda na ndugu zake, akina Harrison, walioanzisha bendi Mombasa 1972. Walipigia watalii mahotelini, wakatoa Jambo Bwana 1982, wimbo ambao hata Boney M. waliuimba. Mwaka 1987 wakahamia Nairobi, bendi nzima. Wakiwa na jina tayari, wakashirikiana na mzee Konde, nyimbo zake zikasikika upya kabla hajafariki mwaka 2000.

Mimi naona hivi: kipaji kinakufikisha mjini, lakini watu ndio wanakuweka. Sa hizi tumefunzwa kutoboa kivyetu. Mtu akipata ngoma moja ya moto anabadilisha namba, na yule beshte aliyemlipia studio anasikia wimbo kwa matatu kama abiria wengine.

Najua, marafiki pia huumizana, hasa pesa ikiingia. Basi kaeni chini mapema, muandikiane: wimbo ni wa nani, pesa tunagawana vipi. Halafu kateni tiketi mbili.

Na mkifika, mtafuteni mzee mmoja aliyewatangulia. Siku moja mtakuwa yeye.