Snuka kwa Maneno ya Wacheza Pool

Tarehe 5 Mei 2025, katika ukumbi wa Crucible mjini Sheffield, Zhao Xintong wa China alimfunga Mark Williams wa Wales 18–12 na kutwaa ubingwa wa dunia wa snuka. Hakuna Mchina aliyewahi kufika hapo kabla yake. Habari ya namna hiyo ikifika Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe, mara nyingi huja na mkeka. Wanaobeti hawachagui sana mchezo: ligi ya Uingereza ikipumzika, jina la Mchina anayecheza kwa fimbo na chaki nalo linajaza mstari.

Tuanze na huo mkeka, maana unatufundisha jinsi istilahi inavyozaliwa. Hakuna kamati iliyokaa kuamua kwamba orodha ya mechi ulizobashiri iitwe mkeka. Watu waliona mistari imepangana kama ukili, wakaita mkeka. Mechi moja ikiharibika, wakasema umechanika. Picha ikakamilika na neno likashika, sawa na lilivyoshika “kuotea” katika soka, neno la mwindaji aliyejibanza akisubiri mnyama. Snuka nayo inahitaji maneno ya aina hiyo, na mengi tunayo tayari.

Chukua neno “kulipwa”. Kwa Kiswahili cha michezo, ngumi ni za ridhaa au za kulipwa, basi. Sasa Zhao alipoingia Sheffield hakuwa na kadi ya wachezaji wa kulipwa. Alikuwa ametoka kwenye adhabu ya kufungiwa, akaanzia hatua za mchujo kama mchezaji wa ridhaa. Akamtoa Ronnie O'Sullivan katika nusu fainali kwa 17–7, kisha akaondoka na pauni 500,000. Mchezaji wa ridhaa akalipwa kuliko wote wa kulipwa! Hapo istilahi yetu inayumba kidogo, ila si kosa lake. Ridhaa na kulipwa ni hadhi ya usajili, si kiasi kilichomo mfukoni.

Kwenye meza za pool za Kayanga kuna aina ya tatu isiyomo katika vitabu: mchezaji wa kulipa. Meza imewekwa barazani au chini ya bati, kitambaa kimechubuka pale mpira mweupe unapowekwa kila mara, na ukingoni zimepangwa sarafu. Kila sarafu ni foleni ya mtu. Anayetaka kumkabili mshindi anatumbukiza sarafu yake, anasukuma kitasa, mipira inashuka kwa kishindo. Aliyefungwa anakaa pembeni, aliyeshinda anabaki mezani bila kutoa senti. Anayebaki muda mrefu ndiye namba moja wa baraza hilo, na hakuna anayehitaji kuambiwa.

Huo ndio msingi wa shindano ambalo watangazaji wetu hupata tabu kulitaja: lile ambalo matokeo yake humpandisha au kumshusha mchezaji katika orodha ya dunia. Wengi wangeliita shindano la viwango, kwa kuwa tumezoea “viwango vya ubora” vya FIFA. Mimi nalikataa jina hilo. Kiwango, mtaani na redioni, ni uchezaji wa mtu kwa sasa. Tukisema kiwango cha fulani kimeshuka, tunamaanisha anacheza vibaya siku hizi. Orodha ya snuka haipimi hivyo. Tangu mwaka 2014 inahesabu fedha ambazo mchezaji amevuna katika mashindano yanayohusika kwa kipindi cha miaka miwili. Mtu anaweza kuwa kiwango chake kimeporomoka na bado akakaa juu kwa mavuno ya mwaka jana. Kinachohesabiwa ni nafasi. Zhao, kwa fedha za wiki hizo za Sheffield, alifika nafasi ya 11. Basi liitwe shindano la nafasi.

Jina hilo lina faida nyingine: linatenganisha. Mashindano ya Masters ya London huwakutanisha wachezaji 16 walioalikwa kutoka juu ya orodha. Januari 2025 Shaun Murphy alimfunga Kyren Wilson 10–7 katika fainali yake, akachukua kombe na fedha nyingi, lakini fedha hizo hazikuingia katika hesabu ya orodha. Msikilizaji asiye na istilahi atauliza ilikuwaje bingwa asipande. Mwambie lile lilikuwa shindano la mwaliko, si la nafasi, na swali linakwisha.

Maneno ya kukopa yapimwe moja moja. “Fremu” nimeikubali, ingawa mjini Kayanga fremu ni chumba cha duka, na ukisema Williams alipoteza fremu 18 kuna atakayemhurumia kwa kodi aliyolipa. Muktadha unatosha kutenganisha. Lakini “breki” hapana. Waingereza wana neno moja kwa pointi anazokusanya mchezaji mfululizo bila kukosa, nasi tukilibeba lilivyo tutaanguka. Kwa dereva wa bodaboda, kupiga breki ni kusimama. Kwa mchezaji wa snuka ingekuwa ni kuendelea bila kusimama. Tunalo “mfululizo”, linatosha: mfululizo wa 80, mfululizo wa 100, na mfululizo kamili wa 147.

Hesabu ya hiyo 147 ni nzuri kuieleza, na inaonyesha jinsi Kiswahili kinavyotaja rangi. Mezani kuna mipira 22: mweupe wa kupigia, myekundu 15 yenye pointi moja kila mmoja, na sita ya rangi nyingine. Ukiingiza mwekundu, unaruhusiwa mmoja wa rangi, nao hurudishwa mezani hadi myekundu iishe. Mwekundu na mweusi ni pointi nane. Mara 15 ni 120. Kisha unaondoa wa manjano 2, wa kijani 3, wa kahawia 4, wa samawati 5, wa waridi 6 na mweusi 7, jumla 27. Hapo ndipo 147.

Sasa tazama: nyeupe, nyeusi na nyekundu ni mizizi ya lugha yenyewe, inapokea viambishi na kukubaliana na kila ngeli. Tano zilizobaki zimeazima majina ya vitu: manjano ya kiungo, majani, kahawa, waridi, na mbingu za Kiarabu. Kwa Karagwe na wilaya jirani ya Kyerwa, kahawia haihitaji kufafanuliwa. Buni huchumwa nyekundu, huanikwa, na jua linaigeuza rangi mbele ya macho ya mwenye shamba. Mtangazaji anayesema “braun” mbele ya wakulima hao amekosa adabu ya lugha.

Lipo pia tatizo la jina la pool lenyewe. Magazeti yetu huliacha kwa tahajia ya Kiingereza, nami nimefanya hivyo kwa makusudi. Ukiliandika “puli” unakutana na neno la mtaani ambalo halisomwi mbele ya wakwe. Istilahi huchagua majirani wake. Wakati mwingine heri mgeni abaki na kanzu yake.

Neno “snooker” halikuanza kwa heshima kubwa pia. Lilikuwa jina la dhihaka kwa wanafunzi wapya wa chuo cha kijeshi cha Woolwich. Mwaka 1875, huko Jabalpur, India, ofisa Neville Chamberlain, ambaye siye waziri mkuu wa Uingereza aliyekuja baadaye, alimwita hivyo mwenzake aliyekosa mpira, na mchezo waliokuwa wakiubuni ukabaki na jina hilo. Baadaye likawa pia jina la hila: kumwachia mpinzani mpira mweupe nyuma ya kizuizi, asione anaopaswa kuupiga. Kwa hila hiyo Kiswahili kina “kuzibia”. Amemzibia, naye amezibiwa. Kitenzi kinakubali kila kauli, kitu ambacho “snuka” haiwezi.

Na pigo la kujilinda, lile ambalo mchezaji haingizi chochote ila anauweka mweupe mahali salama? Hapa wazee wa bao wametutangulia. Katika bao la Kiswahili, mchezaji mwenye mtaji anakula kete. Asiye na mtaji hutakata, yaani anasogeza kete zake bila kula na kusubiri. Snuka ni hayo hayo: mtaji na takata. O'Sullivan akikosa mpira wa kuingiza, anatakata. Mcheza bao ataelewa bila mkalimani.

Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu 1967, na kazi yake ya kusanifu istilahi ni ya lazima. Lakini usanifu uanze kwa kusikiliza. Watangazaji waende kwenye meza za pool, mabao na drafti kabla ya kufungua kamusi ya Kiingereza. Kwa upande wangu nimeshapiga kura: shindano la nafasi, shindano la mwaliko, fremu, mfululizo, kuzibia, mtaji na takata. Mwenye neno bora kuliko haya alilete, tulipime; ila lazima liwe limeshatamkwa mezani na watu wakaelewana.