Kokwet: Neno Moja, Maana Tatu

Yako maneno yasiyoweza kuhamishiwa lugha nyingine kwa neno moja tu. Katika Kiswahili twasema mtaa, majirani na baraza, nayo ni mambo matatu mbalimbali. Wakipsigis wa Kericho na Bomet huyataja yote kwa neno moja: kokwet.

Maana ya kwanza ni mtaa, yaani nyumba zilizotapakaa juu ya kilima kimoja. Maana ya pili ni watu wa mtaa huo. Watu hao hawakuwa wa ukoo mmoja, kwa kuwa koo za Wakipsigis zilitawanyika nchi nzima. Kilichowaunga ni kukaa karibu. Walisaidiana kulima na kujenga, wakijua kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Maana ya tatu ni baraza la wazee, lililoongozwa na boiyot ab kokwet, yaani mzee wa mtaa. Hapo magomvi yalisikilizwa mpaka wahusika wapatane, maana kesho yake wangechota maji katika kijito kimoja. Mtaalamu J. G. Peristiany aliyaeleza maisha haya katika kitabu chake juu ya Wakipsigis mwaka 1939. Wanandi, ndugu zao, hutenganisha maana: mtaa huitwa koret, na kokwet ni baraza lake.

Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni ilitwaa sehemu ya ardhi ya Wakipsigis ikawapa walowezi. Katika miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yakaanza kilimo cha chai Kericho. Mashambani humo wafanyakazi wa makabila mengi walipangiwa nyumba na kampuni, na aliyepoteza kazi alipoteza na nyumba. Majirani walikuwapo, lakini mtaa haukuwa wao. Na pasipo mtaa, baraza huketi wapi?

Hata hivyo neno halikufa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 159, yaagiza mahakama kuendeleza njia za jadi za kusuluhisha magomvi, mradi zisivunje haki za watu. Sharti hilo ni la maana, kwani baraza la kale lilikuwa la wanaume. Kamusi yaweza kuhifadhi herufi za neno kokwet. Maana yake itahifadhiwa siku mjane mwenye shauri la mpaka atakaposimama mbele ya majirani zake, akasikilizwa sawa na mzee yeyote.