Breki Kubwa Peke Yake Haitoshi

Wako wenye malori wanaoamini kwamba lori likichelewa kusimama, dawa yake ni moja tu: kulifunga breki kubwa zaidi. Fedha zinatoka, fundi anamaliza kazi, na tajiri analala usingizi. Je, imani hiyo ina ukweli? Historia ya malori ya Marekani inatupa jibu.

Tuanze na kanuni. Breki husimamisha gurudumu; kinachosimamisha gari ni tairi linapoishika barabara. Breki ikilizidi nguvu tairi, gurudumu hujifunga, tairi huburuzika, na usukani haumtii tena dereva. Tela nalo laweza kupinda, likaja kumkuta dereva ubavuni.

Kwa hofu hiyo, madereva wengi wa Marekani walizichukia breki za magurudumu ya mbele. Hata sheria iliwavumilia: lori la ekseli tatu au zaidi lililotengenezwa kabla ya Julai 1980 liliweza kutembea bila breki hizo. Kumbe gari likipigwa breki, uzito husogea mbele, na tairi za mbele ndizo zinazoongezewa mshiko. Walikuwa wakiitupa breki pale inapofaa sana.

Mwaka 1975 Serikali ya Marekani ilianza kutumia kanuni iliyotaka malori mapya yenye breki za upepo yasimame kwa umbali mfupi, bila magurudumu kujifunga. Viwanda vikaongeza nguvu za breki, na kuweka mitambo ya elektroniki ya kuzuia magurudumu yasijifunge. Mitambo ya wakati ule haikuaminika. Kampuni ya Paccar ilikwenda mahakamani, na mwaka 1978 Mahakama ya Rufani ikafuta masharti hayo makuu. Nguvu ilikuwa imetangulia, na chombo cha kuitawala hakijakomaa.

Ilichukua karibu miaka 20 kurekebisha. Mwaka 1995 kanuni ya umbali wa kusimama ilirudishwa, na tangu 1997 vichwa vipya vya matela vikalazimika kuwa na mtambo uitwao ABS, uliokwisha kuboreshwa. Ndipo mwaka 2009 ikatolewa amri kali zaidi. Kichwa cha kawaida kilichobebeshwa mzigo, kikiwa katika mwendo wa kilomita 97 kwa saa, kisimame ndani ya mita 76 badala ya 108. Viwanda viliweza, kwa kufunga ngoma kubwa zaidi, hasa mbele, au breki za diski.

Basi breki bora husaidia kweli. Lakini tuelewe ni wapi. Lori lenye shehena huwa na tairi zilizokandamizwa barabarani. Mshiko upo, na breki dhaifu hushindwa kuutumia wote. Hapo kuongeza nguvu kunalipa. Lori tupu, au lenye tairi kipara juu ya lami iliyolowa, huishiwa mshiko kwanza. Hapo breki kubwa huharakisha kuteleza tu.

Faida nyingine ni joto. Katika mteremko mrefu kama wa Kitonga, ngoma ya breki ikipata moto hutanuka na kukimbia viatu vyake, dereva akabaki anakanyaga bila kupata kitu. Diski ikipata moto hunenepa kuelekea pedi zake, kwa hiyo hustahimili zaidi. Hata hivyo hakuna breki isiyochoka. Anayeshuka kwa gia nzito huipunguzia breki kazi kabla haijaanza. Na tukumbuke: mwendo ukiongezwa mara mbili, kazi ya breki huongezeka mara nne.

Kwa hiyo tajiri mwenye fedha kidogo aanze na tairi zenye meno. Kisha breki zilizopo zikazwe sawasawa kila gurudumu, mipira inayovujisha upepo ibadilishwe, na mzigo usizidi kipimo. Hayo yakiwa tayari, breki mpya zitakuwa na kitu cha kushikilia. Yasipokuwa tayari, atakuwa amenunua matumaini, na gharama yake italipwa na dereva, utingo, na abiria wa basi linalopanda mlima kutoka upande wa pili.