Wazima-moto wa Mudzipela

Kwetu Mudzipela, kartiye ya Bunia, historia ya kuzima moto haianzi na gari la pompiye. Inaanza na kelele. Wakati wa nyumba za nyasi, cheche moja ya jikoni na upepo wa kiangazi vilitosha. Aliyesikia alikuja: huyu na maji, huyu na mchanga, vijana wanapanda kung'oa nyasi za nyumba ya pembeni ili moto usiruke. Kabila waliuliza kesho yake, kama waliuliza.

Mabati yalipunguza hatari ile. Lakini vita vya 2002 na 2003 vilileta moto wa kuwashwa na watu. Ukipiga kelele, jirani anabaki ndani, ama alishakimbia. Mwezi wa 6, 2003, askari wa Ulaya wa Artemis walifika. Bunduki zilipunguka mjini. Kukimbilia kelele ya jirani kulichelewa kurudi.