Kiswahili, Hesabu na Jinsia: Historia Fupi ya Elimu katika Nyanza ya Kusini

Tangu mtihani wa kumaliza elimu ya msingi nchini Kenya, yaani KCPE, ulipofanywa mara ya kwanza mwaka 1985 hadi ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, matokeo yake yalisomwa hadharani kila mwaka. Aghalabu, na hasa katika miaka ya mwisho, taarifa hizo zilikuwa na sentensi moja isiyobadilika sana: wasichana wamewashinda wavulana katika Kiswahili na Kiingereza, na wavulana wamewashinda wasichana katika Hisabati na Sayansi. Sentensi hiyo imezoeleka mno hata ikachukuliwa kuwa sheria ya maumbile. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambazo hapo zamani zilikuwa Wilaya moja ya Nyanza ya Kusini, wako wazazi na hata walimu wanaoamini kwamba msichana huzaliwa na ulimi na mvulana huzaliwa na hesabu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti hiyo ina historia, na kwamba sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya lugha.

Jambo la kwanza ambalo mtu angeweza kulishika ni malezi ya jadi. Miongoni mwa Wajaluo, wasichana pamoja na wavulana wadogo walilala katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee aliyeitwa pim, na humo walifundishwa hadithi, vitendawili, nasaba na adabu. Mvulana alipopata umri alitoka, akajenga au akashiriki simba, na jioni zake akazipitisha katika duol pamoja na baba na wazee. Msichana alibaki katika siwindhe mpaka karibu na kuolewa. Simeon Ominde, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1952 juu ya malezi ya msichana wa Kijaluo, aliyaeleza maisha hayo kwa undani. Je, haiwezi kusemwa kwamba msichana alikaa muda mrefu zaidi katika shule ya maneno? Hoja hii inavutia, lakini haitoshi. Duol nayo ilikuwa shule ya maneno: humo mvulana alisikia mashauri, methali na hukumu. Tena, ubora wa wasichana katika lugha umeonekana hata mahali ambapo siwindhe haikujulikana kamwe. Hapana budi kutazama kwingine.

Shule za kizungu ziliingia pwani ya kusini ya Ghuba ya Winam mwaka 1906, wakati Arthur Carscallen, mmisionari wa Kiadventista kutoka Kanada, alipofika Gendia karibu na Kendu Bay pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland. Carscallen alijifunza Kijaluo, akatunga sarufi yake na kuweka mtambo wa kuchapa vitabu. Kwa hiyo maandishi ya kwanza yaliyotoka katika eneo hili yalikuwa ya lugha ya nyumbani. Mwaka 1913 ikaanzishwa Kamagambo, upande wa Migori ya leo, na Wakatoliki nao wakajijenga Asumbi, ambako mwaka 1936 lilianzishwa shirika la masista Waafrika, Wafransisko wa Mtakatifu Yosefu. Misheni zilimfundisha msichana, hilo lisisahauliwe. Ila zilimfundisha ili awe mke mwema wa mwalimu au mhubiri: kusoma Biblia, kushona, kufua, kupika na usafi wa mtoto. Mvulana alifundishwa ili awe karani, na karani hawezi kuishi bila hesabu.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia kwa namna ya kushangaza. Katika enzi ya ukoloni, Kiswahili huku Nyanza ya Kusini kilikuwa lugha ya wanaume. Wanaume ndio waliokwenda Kericho kuchuma majani ya chai, Mombasa kupakua mizigo bandarini, kwenye reli, jeshini katika King's African Rifles na polisi. Walirudi nyumbani na Kiswahili pamoja na blanketi na baiskeli. Mke aliyebaki akilima Karachuonyo au Kanyamkago hakuwa na haja nacho, wala hakuwa na mahali pa kukisikia ila sokoni. Kama kipawa cha lugha kingekuwa jambo la maumbile tu, ingetazamiwa kwamba wanawake wangekuwa mbele katika Kiswahili tangu mwanzo. Haikuwa hivyo.

Mgeuko ulikuja kwa njia ya mtihani. Tume iliyoongozwa na huyo huyo Ominde mwaka 1964 ilipendekeza Kiswahili kifundishwe katika shule za msingi, lakini kwa muda wa miaka ishirini na zaidi kilifundishwa bila kutahiniwa mwishoni mwa elimu hiyo, na somo lisilotahiniwa hupuuzwa na mwalimu na mwanafunzi pia. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani wa taifa. Tangu siku hiyo Kiswahili kilichohitajika hakikuwa tena kile cha kambini na bandarini, bali Kiswahili sanifu chenye ngeli, insha na ufahamu, ambacho hupatikana kwa daftari, kwa hadithi za ziada na kwa subira. Mvulana wa Rongo au Mbita alikuwa amezungukwa na Kiswahili cha makondakta na wavuvi, akadhani anakijua. Msichana, ambaye hakukirithi kutoka mahali popote, alikianza darasani. Yamkini kutokukijua ndiko kulikomfaa.

Upande wa Hisabati na Sayansi unaelezeka kwa urahisi zaidi. Shule ya Alliance ya wavulana ilifunguliwa mwaka 1926. Ile ya wasichana ikafuata mwaka 1948. Miaka ishirini na miwili ni kizazi kizima cha walimu. Wasichana wa Nyanza ya Kusini waliofika sekondari baada ya uhuru walikuta shule nyingi zisizo na maabara na walimu wa kike wa Hisabati wachache mno. George Eshiwani wa Kenyatta, aliyeshughulikia jambo hili katika miaka ya 1980, alielekeza macho kwenye shule zenyewe, vifaa vyake na matarajio ya walimu wake, badala ya ubongo wa msichana.

Kisha kuna swali ambalo wasomaji wa matokeo huliruka: ni nani aliyebaki darasani hata akatahiniwa? Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2014 juu ya idadi ya watu na afya ulionyesha kwamba katika Homa Bay wasichana 33 kwa kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Migori walikuwa 24, na Kenya nzima 18. Sera ya kumruhusu msichana aliyezaa arudi shuleni ilikuwako tangu mwaka 1994. Huko Kuria, tohara ya wasichana, ijapokuwa ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2011, iliendelea kufanywa wakati wa likizo, na mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya UVIKO-19 ilifanywa hadharani. Mvulana huondoka kwa mlango mwingine: dhahabu ya Macalder, mashamba ya miwa ya Awendo, mitumbwi ya ziwani na sasa pikipiki. Yeye huitwa na pesa. Msichana hufukuzwa na aibu au kazi za nyumbani. Kwa hiyo msichana anayefika darasa la mwisho amekwisha kuchujwa vikali, na kulinganisha alama zake na za mvulana ni kulinganisha mabaki ya mafungu mawili yaliyopungua kwa njia tofauti.

Lakini hata huyo aliyebaki huambiwa kwamba hesabu si mambo ya kike. Huambiwa hivyo katika mwambao wa Mbita na Sindo, ambako biashara ya omena imo mikononi mwa wanawake. Kila alfajiri mama hununua kwa karai, huanika, hupima kwa gorogoro, hukadiria upungufu wa samaki wakikauka, hutoa nauli na deni la jana, na hutaja bei pasipo kushika kalamu.