Mfuko wa wakfu

Katika karatasi za uhifadhi zinazopita ofisi za Kalemie, kwa Kifaransa, utakuta maneno fonds de dotation. Maana yake ni fedha zilizotengwa kwa kazi moja, zikawekezwa, na kinachotumika kila mwaka ni faida yake tu, mtaji hauguswi. Kwa Kiswahili tunaziita mfuko wa wakfu. Makala hii inaeleza kwa nini tumechagua neno hilo, na kwa nini linawahusu watu wa Mpala na vijiji vingine vya ufuko wa Tanganyika.

Desemba 2016, gavana wa Jimbo la Tanganyika alianzisha Hifadhi ya Kabobo, kaskazini ya mji wa Kalemie. Ni takriban kilomita za mraba 1,500 za milima na misitu, makao ya aina ya mbega asiyejulikana kuishi mahali pengine popote duniani. Kuna njia nyingine pia ya kulinda ardhi. Amri ya Agosti 2014 inaruhusu jamii ya wenyeji kupewa msitu wake wa mababu, hadi hekta 50,000, bila malipo na bila kikomo cha miaka. Kwa hiyo sheria ya Kongo inajua kusema "daima" juu ya ardhi. Lakini mlinzi wa msitu hula kila siku, viatu vyake huchakaa, na mipaka husahaulika isipofyekwa. Ardhi ikilindwa daima kwa fedha za mradi wa miaka mitatu, mwaka wa nne hulindwa na karatasi.

Mifuko inayogharamia hifadhi ni ya aina tatu, na kila moja inastahili jina lake. Wa kwanza ni mfuko wa kumalizika: fedha zote, mtaji na faida, hutumika kwa muda uliopangwa hadi ziishe. Wa pili ni mfuko wa mzunguko, unaojazwa tena na tena na kodi au ada. Majimbo ya Marekani yameutumia sana huu wa pili. Tangu 1969, Maryland hutenga kwa kazi hii kodi ya nusu asilimia inayotozwa nyumba au kiwanja kinapouzwa. Kwayo hununua ardhi ya hifadhi. Colorado, tangu kura ya wananchi ya 1992, hutumia mapato ya bahati nasibu. Njia hiyo huleta fedha nyingi, ila ina udhaifu wake: miaka ambayo bajeti ya Maryland ilibanwa, sehemu ya kodi hiyo ilichotwa ikaenda kwingine.

Wa tatu ndio mfuko wa wakfu. Tuseme una dola 1,000,000 zinazozaa asilimia 5 kwa mwaka, yaani dola 50,000. Bei za vitu zikipanda kwa asilimia 2, dola 20,000 hurudishwa kwenye mtaji ili thamani yake isiliwe. Zinazobaki kutumika ni 30,000. Ni kidogo, lakini mwakani zipo tena. Mwenye mchikichi hukata ngazi za mawese, haukati mti.

Mfano wa karibu uko Uganda. Mwaka 1994 ulianzishwa mfuko wa misitu ya Bwindi na Mgahinga, kwa mtaji wa dola zipatazo milioni 4 kutoka Mfuko wa Mazingira Duniani. Miaka ya mwanzo Marekani na Uholanzi zilibeba gharama ili mtaji ukue kwanza. Mgawanyo uliopangwa ulikuwa wazi: asilimia 60 kwa miradi ya wanavijiji wanaopakana na msitu, 20 kwa utafiti, 20 kwa uendeshaji wa hifadhi. Kongo nayo ina Mfuko wa Okapi, uliobuniwa kwa ajili ya hifadhi zake.

Sasa jina. Wengine husema mfuko wa amana. Lakini amana ni mali ya mtu uliyowekewa, na mwenyewe akiidai humrudishia. Wengine husema mfuko wa udhamini, ila siku hizi mdhamini ni yule anayelipia jezi za timu. Mfuko wa kudumu ni rahisi kueleweka, lakini hausemi ni kitu gani kisichoguswa.

Wakfu linalisema hilo. Pwani, kuanzia Mombasa hadi Unguja, mtu akiweka nyumba au shamba la minazi kuwa wakfu, mali ile haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi zawadi; kodi ya nyumba au nazi za shamba ndizo hutunza msikiti au kulisha mafukara, chini ya msimamizi anayetoa hesabu. Mpala, ambako Wamisionari wa Afrika walikabidhiwa kituo mwaka 1885, neno hilo limeingia kwa mlango wa kanisa: masista huishi maisha ya wakfu. Kwa njia zote mbili maana ni ile ile: kilichotengwa hakirudi kwenye matumizi ya kawaida.

Tahadhari moja. Magazeti ya Kenya huita wakfu shirika lolote la ufadhili, hata linalotumia mwaka huu fedha zote lilizopewa mwaka huu. Ndiyo maana tunaongeza neno mfuko.

Basi ukiletewa mkutanoni habari za mfuko wa hifadhi, soma katiba yake kabla ya jina lake. Je, inakataza kugusa mtaji? Nani anakaa kwenye baraza la wasimamizi, na wanakijiji wana viti vingapi? Hesabu husomwa wapi, na kwa lugha gani? Ikiwa hakuna kifungu cha kukataza, mfuko huo ni wa kumalizika, hata ukiitwa wakfu.