Alfonsi Hakuwa Mfaransa

Wale tuliosoma pamoja watakumbuka kwamba nikiwa kidato cha pili nilijigamba mbele ya darasa zima kuwa nina damu ya Kifaransa. Ushahidi wangu ulikuwa jina tu. Baba wa babu yangu aliitwa Alfonsi, nasi tunalitumia jina hilo hadi leo, na nyumbani kwetu Mwembesongo wazee walizoea kusema, "Sisi ni watu wa Wafaransa." Mkanibandika jina la Musiyu, wala sikulikataa.

Sasa nimepita miaka arobaini, na kazi ya serikali imenizoesha kukagua majalada ya watu. Nikaona nilikague na la kwetu.

Wafaransa walikuwapo kweli, ila hawakuwa walowezi wenye wake na watoto. Walikuwa mapadre na mabruda wa Shirika la Roho Mtakatifu. Walifika Unguja mwaka 1863, wakafungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, Mhonda mwaka 1877 na hapa Morogoro mwaka 1882. Baadhi yao, kama Padre Antoine Horner aliyeanzisha Bagamoyo, walikuwa watu wa Alsace, jimbo lililochukuliwa na Wajerumani mwaka 1871. Kwa hiyo hata huo Ufaransa wao ulikuwa na utata wake. Ndio walioleta mbegu za kahawa kutoka kisiwa cha Réunion.

Nyuma ya mapadre hao walikuwapo watu ambao mimi sikuwafikiria kabisa: waliokombolewa utumwani. Wengine walinunuliwa wakiwa watoto katika soko la Unguja, kabla halijafungwa mwaka 1873. Wengine waliletwa misheni baada ya majahazi ya watumwa kukamatwa baharini. Bagamoyo walifundishwa dini, kilimo na ufundi. Walipokua waliozwa, na baadhi ya ndoa hizo changa zikapelekwa bara kuanzisha misheni mpya. Sehemu ya fedha ilitoka kwa chama cha Utoto Mtakatifu, kilichoanzishwa Ufaransa na Askofu Forbin-Janson mwaka 1843, na desturi ya chama hicho ilimruhusu mfadhili kuchagua jina atakalobatizwa mtoto. Jina lilisafiri pamoja na fedha.

Katika daftari la ubatizo nilimkuta Alfonsi wetu. Mahali pa majina ya wazazi hapakuandikwa kitu. Nilikaa na ukurasa ule muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Baba nilipomwuliza alisema ana shughuli. Nikamwendea shangazi, naye akaendelea kuchambua mchele. "Mwanangu, mzee wetu alinunuliwa. Ndiyo maana tukasema watu wa Wafaransa. Wewe ungesemaje?"

Sikuwa na jibu, na hata sasa sinalo. Lakini jambo moja lilinifungua macho. Mluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi ya mlimani ni ya ukoo huo. Kwa baba yake hupata mtala, jina la upande wa kuumeni. Alfonsi alioa binti wa Kiluguru. Basi watoto wake, ingawa baba yao hakuwa na kwao, walizaliwa na ukoo kamili na mahali pa kulima, sawa na mtoto mwingine yeyote wa milima ile. Kilichopungua ni mtala. Yeye hakuwa na jina la wazee wa kuwarithisha, isipokuwa lile alilochaguliwa na mtu asiyepata kumwona. Naamini ndiyo sababu wanawe walilishika sana. Hilo ni wazo langu; daftari halisemi.

Kila nijazapo fomu, penye jina la ukoo huandika Alfonsi, ingawa kwa hesabu ya Kiluguru hapo nakosea.

Mwanangu yuko kidato cha kwanza hapo shuleni mwaka huu, na nasikia wameshaanza kumwita Musiyu. Nilimsimulia habari hii yote kabla ya kuituma kwa Mhariri. Sikutaka aisome humu kwanza.